Naomba ushauri: injini ya 200Tdi kwenye Land Rover Series III, gia zinakwaruza

Wakuu, naombeni msaada. Injini ya petroli ya lita 2.25 imeshushwa, imepandishwa 200Tdi ya dizeli, giaboksi ni ileile. Klachi ikikanyagwa hadi chini, gia ya kwanza na rivasi bado zinakwaruza. Bushi ya nyuma ya krenkishafti, inayoshika ncha ya shafti ya giaboksi, imelika upande mmoja tu. Hewa ya klachi imetolewa, silinda zote mbili hazivuji.

Nashuku hausingi (ganda linalounganisha injini na giaboksi) haijakaa katikati: dial geji (saa ya kupimia tofauti ndogo) iliyofungwa kwenye flaiwili na kuzungushwa ndani ya tundu la hausingi inasoma 0.30 mm, yaani kitovu kimehama nusu yake, 0.15 mm. Nyuso zimesafishwa, kipimo hakibadiliki.

Aliyewahi kurekebisha hili: nitafute pini za kusentia (za kuiweka hausingi katikati) zenye kitovu cha pembeni, au hausingi ipelekwe kwa fundi wa mashine? Kupanua matundu ya bolti sitaki, bila pini hausingi itahama tena.