Mick Lynch na waandishi wa TV: kiongozi wa wafanyakazi anaulizwa picha ya Facebook, hii ni dharau

Wakuu nina hasira na naandika nayo hivyohivyo. Huyu Mick Lynch wa RMT, chama cha wafanyakazi wa reli na meli Uingereza, kastaafu tangu 2025 lakini ukimtaja tu mtu anakurukia, "si yule wa kugomesha treni". Mnamjua au mmemeza tu ya magazeti?

Jamaa ni mtoto wa wahamiaji wa Ireland, kazaliwa Paddington, shule kaacha na miaka 16 akawa fundi umeme. Kisa mambo ya chama cha wafanyakazi, matajiri wa ujenzi wakamtia kwenye orodha yao ya siri, jina likiwemo humo hupati kazi na huambiwi kwa nini, ndo akahamia Eurostar, kampuni ya treni za London kwenda Ulaya bara, 1993. Orodha ilikuja kunaswa 2009, majina zaidi ya 3,000!! Hayo ni maisha ya watu na familia zao.

Sasa Juni 2022 wafanyakazi kama 40,000 wako kwenye mgomo, bei zimepanda kwa zaidi ya asilimia 9, Network Rail, shirika linalosimamia njia za reli, inataka kupunguza mafundi wa njia, yaani walewale wanaokagua reli usiku ili wewe asubuhi ufike salama, halafu Piers Morgan, mtangazaji wa TV, hewani anamkomalia Lynch kwa nini kwenye profaili yake ya Facebook kaweka picha ya jambazi wa kipindi cha zamani cha watoto. Mwingine anamuuliza eti wewe Mmarx? Mwingine anamng'ang'ania aseme wafanyakazi wa wakala wakija kuziba nafasi za waliogoma mtawafanyaje, utadhani anasubiri asikie tutawapiga, na wenzake Lynch wamesimama pale nyuma wametulia tu.

Miezi mitatu kabla ya mgomo huo, P&O Ferries, kampuni ya meli za kivuko, walifukuza mabaharia karibu 800 siku moja, kwa video. Bosi wao akaenda bungeni akakiri kabisa kwamba sheria iliwataka wazungumze na vyama kwanza na wao wakaamua kutozungumza. Kesi ya jinai haikufunguliwa. Huyo picha yake ya Facebook nani aliiuliza?

Mnataka kumkosoa Lynch, sawa, kosoeni kazi. Chukueni ule mkataba wa mishahara na Network Rail wa Machi 2023, mi naona RMT walikubali kidogo kuliko nguvu waliyokuwa nayo, njooni tubishane hapo.