Vituo vya kazi vya umma: ukumbi wazi au vyumba?

Dirisha_Kusini (mleta mada): Wadau, halmashauri na kaunti zinajenga vituo vya vijana kufanyia kazi pamoja, na kila ramani ni ileile: ukumbi mmoja, meza ndefu, kuta hakuna, eti watu wafahamiane. Napinga. Watafiti Bernstein na Turban wa Harvard (2018) walipima maongezi kwenye makao makuu ya kampuni mbili kubwa: kuta zilipoondolewa, maongezi ya ana kwa ana yalishuka kwa karibu asilimia 70, barua pepe zikaongezeka. Asiye na pa kujisitiri huvaa hedifoni na kuinamisha kichwa. Fedha ya umma ianze na vyumba vya kupigia simu na jiko. Na tuache kubandika trei za mayai ukutani tukidai tumezuia kelele!

KarakanaKeko: Mkuu, trei za mayai zimekukosea nini? Kituo cha kata hakina bajeti ya mapambo ya Ulaya. Trei unazipata bure kwa muuza chipsi, na chumba kinatulia, kila mtu anajua.

FundiSauti: Hakitulii. Trei ni karatasi nyepesi, inapunguza kidogo sauti nyembamba, sauti nzito ya mtu anayeongea inabaki. Tena inashika moto haraka. Fanya hivi: fremu ya mbao ya inchi 2 kwa 2, sentimita 60 kwa 120, jaza pamba ya mawe (rockwool) ya milimita 50, funika kwa kitambaa unachoweza kupumulia ukikiweka mdomoni, acha sentimita 5 kati yake na ukuta. Ukumbi wa mita 8 kwa 10 wenye vigae na vioo, anza na fremu 30, nyingi zikae darini.

KarakanaKeko: 30! Halafu mtu akipiga simu chumba cha pili hatasikika?

FundiSauti: Atasikika. Fremu zinakula mwangwi tu. Kuzuia sauti isivuke kunataka uzito: tofali lililopigwa plasta pande zote mbili, ukuta ufike mpaka kwenye slabu ya zege ya juu. Mafundi wengi wanauishia kwenye siling bodi, sauti inapanda juu ya siling na kushukia kwa jirani. Mlango nao uwe mzito, na chini yake uwekwe mpira.

Pwani_Ramani: Mada ni watu kufahamiana, nyinyi mko kwenye mayai. iHub, kituo cha wanateknolojia cha Nairobi, ilifunguliwa 2012 ikiwa wazi, na jamii ya programu ikakulia pale. Hilo mbona hamligusi?

Dirisha_Kusini: 2010, dada, jengo la Bishop Magua, Ngong Road. Na palikuwa na kahawa humohumo ndani na mikutano isiyokatika. Ndivyo vilivyowakutanisha watu.

Pwani_Ramani: Kaka, umesahihisha mwaka ukaiacha hoja. Kahawa hiyo ilikuwa katikati ya ukumbi wazi!

Dirisha_Kusini: Ndiyo maana nikasema jiko. Ramani zetu zinalitupa nyuma karibu na choo. Liweke kati ya mlango na meza, kila anayeingia alipite. Kaunta ya sentimita 95 ili watu wasimame, njia ya mita 1.5 ili anayepita asimsukume anayeongea. Chai ya wote saa nne, kwenye chupa moja kubwa. Birika la umeme la wati 2,000 lisiunganishwe kwenye inveta ya kVA 1.5, yaani wati 1,500 kwa juu kabisa: itazima, na soketi za meza zote zitakufa nayo.

KarakanaKeko: Trei zangu hamjazijibu. Mnatufundisha kama watoto, mbadala wa bei yetu hamtoi. Sponji la godoro je?

FundiSauti: Sponji usithubutu! Likiungua linatoa moshi wa sumu, watu wanaanguka kabla hawajaufikia mlango. Chukua mablanketi mazito ya mitumba, jumla ya upana wake iwe mara mbili ya ukuta ili yapate mikunjo, yaning'inie sentimita 10 mbele ya ukuta.

Pwani_Ramani: Na blanketi haliungui?

FundiSauti: La sufu linashika moto kwa shida. La polista linayeyuka na kudondoka likiwaka. Chomoa uzi, uchome nje: sufu inanuka nywele, polista inageuka kidonge kigumu.

KarakanaKeko: Sawa, hilo la sufu nalichukua. Ila trei za darini sizibandui mpaka mablanketi yafike.

FundiSauti: Zilizo karibu na taa bandua leo, mkuu.