"Gawa kwa mbili"!! Hili tusi la leo Moshi siwezi kulinyamazia

Wakuu, naandika mikono ikitetemeka. Yule bwana mnamjua, sina haja ya kumtaja, kuanzia Himo mpaka Boma Ng'ombe hakuna asiyemjua. Mchana huu kasimama mbele za watu, mdomo kama spika ya mnadani, eti daktari wa watoto hana kazi, anachukua dozi ya mtu mzima ANAGAWA KWA MBILI.

Gawa kwa mbili!

Parasetamoli ni miligramu 15 kwa kila kilo. Jentamaisini, dawa ya kuua bakteria, kwa kichanga wa wiki ya kwanza ni miligramu 5 kwa kilo mara moja kwa siku, na kama alizaliwa na uzito pungufu ni 3, kwa sababu figo hazijakomaa na dawa inakawia kutoka. Ukizidisha, unamuua masikio. Mwenye utapiamlo mkali ukimfungulia dripu kama mwenye kuhara tu, moyo unaelemewa. Huyo ni maziwa ya F-75, yale maalumu ya tiba ya utapiamlo mkali, kidogo kidogo kila baada ya saa 2 au 3, hata usiku wa manane. Mbili yake iko wapi hapo?

Miaka 5 ya MD, yaani shahada ya udaktari, mwaka 1 wa utarajali (mafunzo kazini hospitalini), usajili wa Baraza la Madaktari Tanganyika, ndipo MMed, shahada ya ubingwa, na tasnifu ya utafiti juu, ambayo kibali cha maadili ya utafiti kikichelewa tu ratiba nzima inalala. Yote hayo halafu mtu anasema gawa kwa mbili!

NdiziMshale: Mkuu punguza jazba. Umefoka uzi mzima na jina hujataja. Unamwogopa?

Usingizi_Salama: Afadhali nyie mnatukanwa. Sisi wa nusukaputi hatujulikani kama tupo. Mpira wa kupumulia wa mtoto nani anauchagua? Umri gawa kwa 4, jumlisha 4. Wa miaka 4 anaingia namba 5, na unaandaa na 4.5 na 5.5 pembeni.

NdiziMshale: Kumbe mnagawa kweli!

Mleta uzi: Huo ni MPIRA, si DAWA! Usinivurugie uzi.

Mama_Ngarenaro: Huku Arusha kinachotumaliza ni mizani. Ile ya kuning'iniza yenye kaptula inasoma kwa hatua za gramu 100. Kichanga wa gramu 1,400 utajuaje kama kaongezeka 20 tangu jana? Dozi ya kilo unaipatia wapi kama kilo yenyewe ya kukisia?

Kibosho_Juu: Na kabla ya kupima hawairudishi sifuri, kaptula inahesabiwa kama mtoto.

Mama_Ngarenaro: Na nepi iliyolowa ndani yake!

Mzee_wa_Supu: Mizani usiseme. Bucha za huku kilo ya nyama ukiipima nyumbani ni gramu 800.

Kibosho_Juu: 800 una bahati. Mimi mfupa peke yake nusu kilo.

Mleta uzi: Jamani, GAWA KWA MBILI!

Mzee_wa_Supu: Hiyo bucha ya mfupa ni ile ya karibu na stendi?