Mama anakwenda New York: ni saa 7 au 15 hewani?

Binti Pongwe: Habari za jioni wakuu. Mama yangu ana miaka 68, hajawahi kupanda ndege, na Januari anakwenda New York kumwona mjukuu wake wa kwanza. Njia ni mbili: Dar–Nairobi halafu Nairobi–New York bila kutua, au kupitia Dubai. Ya Nairobi inaondoka 23:55, inafika 06:55. Nimehesabu saa saba. Mama naye kaiona hiyo 06:55, kasema, "Kumbe nafika saa sita mchana, nitawahi chakula." Miguu yake huvimba akikaa sana, na Kiingereza hajui. Nimkatie ipi?

Msafiri wa Kariakoo: Dada, hizo ni saa 15. Kila saa kwenye tiketi ni ya mji husika, na Januari New York iko nyuma yetu kwa saa 8. Hiyo 06:55 ni saa moja kasoro dakika tano asubuhi. Mwandikie mama saa za Kiswahili kwenye karatasi, na tarehe pia. Shangazi yangu aliachwa na ndege ya 00:20 ya tarehe 9. Yeye alikwenda uwanjani usiku wa tarehe 9, kumbe ilikuwa usiku wa kuamkia tarehe 9.

Mtu wa Anga: Nairobi–New York ni kama kilomita 11,800. Kenya Airways walianza kwenda moja kwa moja Oktoba 2018. Kurudi ni kama saa 14, maana huko juu upepo mkali huvuma kutoka magharibi: wakati wa kwenda mnapambana nao, wakati wa kurudi unawasukuma. Dar–Dubai ni kama saa tano na nusu, kisha kama 14 nyingine, kusubiri hujahesabu.

Muuguzi Moro: Kabla ya tiketi, daktari. Miguu inayovimba na kukaa saa 15 ni hatari ya damu kuganda. Aulizie soksi za kubana. Achukuliwe kiti cha kando ya njia, ainuke mara kwa mara, anywe maji. Dawa zikae kwenye mkoba wa mkononi.

Mama Zawadi: Mie wangu nilimpitisha Dubai nikidhani atanyoosha miguu. Alikaa benchi saa nne kashika pasipoti, anaogopa hata kwenda msalani asije akaachwa. Mpitishe Nairobi mwanangu, na uombe kiti cha magurudumu siku hiyo hiyo unayokata tiketi, ili apate wa kumsindikiza viwanjani. Mpe na karatasi ya Kiingereza: anapokwenda, namba ya mwenyeji wake, tarehe ya kurudi.

Binti Pongwe: Asanteni sana. Nimemwambia mama ni saa 15. Kanyamaza kidogo, kisha kauliza, "Kama Tanga–Dar mara tatu, bila kushuka Segera?" Nikamwambia ndiyo, ila choo kipo humo humo. Jumatatu tunakwenda kwa daktari. Akimruhusu, nakata ya Nairobi.