Wauza samani za mitumba, acheni kutupakia rangi juu ya vanishi

Ndugu wanajamvi, ninaandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Kununua kabati, meza na viti vilivyokwisha kutumika, kuvipaka rangi na kuviuza upya ni kazi ya heshima, kwa kuwa huokoa mbao imara ambazo zingeishia kuwa kuni. Ninacholalamikia ni rangi inayopakwa juu ya vanishi ya zamani bila msasa wala praima (rangi ya msingi inayoifanya rangi ya juu ishike), kisha mnunuzi anaambiwa kwamba amepata samani iliyokarabatiwa.

Kabati la droo nililouziwa lilipendeza sana siku lilipoletwa. Kona ya droo ya juu ilipogongwa kidogo rangi iliinuka, na nilipoivuta kwa ukucha ilibanduka utepe mzima. Chini yake vanishi ilikuwa inang'aa, haina hata mkwaruzo mmoja wa msasa. Muuzaji alinijibu kwamba kosa ni langu, eti nililifuta kwa kitambaa chenye maji. Samani gani hiyo isiyoruhusiwa kufutwa vumbi?

Fundi yeyote anajua kwamba rangi haishiki juu ya kitu kinachoteleza, na vanishi ya samani kuukuu huteleza mara mbili, kwa ulaini wake na kwa mafuta ya mikono na nta ya kung'arishia iliyojikusanya juu yake. Kwa hiyo huoshwa kwanza kwa sabuni ya kukata mafuta, ikaachwa ikauke, ikapigwa msasa namba 120 au 180 hadi mng'ao ufe, vumbi likafutwa, ndipo praima ipakwe. Mbao nyekundu kama mkangazi zina utomvu wake wa kahawia unaopenya rangi nyeupe hata ukirudia mikono mitatu, na dawa yake ni praima ya kuzuia madoa, si kuongeza rangi. Bodi ya melamini, yaani ubao wa kiwandani wenye ganda gumu linaloteleza, nayo ina praima yake. Halafu kuna subira, ambayo naona ndiyo inayokosekana zaidi: rangi ya maji hukauka kuguswa ndani ya saa chache, lakini huchukua wiki kadhaa kukomaa, na kabati linalouzwa kesho yake litaganda droo na kubeba alama ya kila kitu kitakachowekwa juu yake.

Ubaya zaidi ni rangi inayotumika kuficha. Matundu ya wadudu wanaotoboa mbao yanazibwa kwa puti na kupakwa juu, wadudu wakiwa bado hai ndani, na mnunuzi anakuja kugundua unga laini sakafuni.

Na wapo wanaokwangua rangi za zamani zikiwa kavu, bila barakoa, watoto wakicheza pembeni, ilhali rangi nyingi za miaka iliyopita zilikuwa na madini ya risasi, ambayo Marekani iliyapiga marufuku katika rangi za nyumbani mwaka 1978 kwa sababu yanaharibu ubongo wa mtoto.

Ninachodai ni kwamba muuzaji aseme wazi kabla ya kupokea fedha: amepiga msasa au hakupiga, ametumia praima gani, na mbao ilikuwa na hali gani kabla ya rangi. Rangi ikibanduka kwa kufutwa tu, arudishe fedha. Waliouziwa kazi kama hii waweke picha hapa, na mafundi wanaouza wajitokeze watujibu.