Tupeane uzoefu: Siku namba zako za chuo zilipokataa kuwa za mtu mmoja

Mzee wa Dirisha la Tatu

Wakuu, shikamooni mnaostahili, wengine mambo vipi.

Nakaa dawati la usajili la chuo kimoja cha umma hapa Tanzania, huu mwaka wa tisa. Kila mwaka wa kwanza wakiripoti, kilio ni kilekile: "Mzee, mfumo unasema sipo." Mtu kasimama mbele yangu, barua ya udahili mkononi, godoro begani, jasho linamtoka, na mfumo unasema hayupo.

Kwa wasiojua, mtoto wa Kitanzania anafika chuo akiwa na namba nyingi kuliko nguo. Ana namba ya mtihani wa kidato cha nne, ile inayoanza na S ya kituo, halafu namba yake darasani, halafu mwaka. Ana ya kidato cha sita, nayo inafanana na ile ya nne kama chapati na chapati, ila huko hesabu ya watahiniwa inaanzia 0501. Akitokea diploma ana namba ya uhakiki wa tuzo kutoka NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, wenyewe wanaiita AVN. Ana NIDA, namba ya kitambulisho cha taifa, ya tarakimu 20. Mkopo anauomba kwa namba ya kidato cha nne. Tukimpokea tunampa namba ya usajili, na akitaka kulipa ada anatoa kontroo namba, tarakimu 12 zinazoanza na 99. Kila namba inamjua mwenyewe kivyake. Kazi yetu dirishani ni kuzitambulisha zenyewe kwa zenyewe, kama mshenga.

Naanza na langu. Mwaka fulani ililetwa orodha ya wanufaika wa mkopo, namba za kidato cha nne zimetenganishwa kwa nukta. Mfumo wetu unatenganisha kwa mkwaju (/). S, nukta, 0023, nukta, mwaka. Sisi tunataka S, mkwaju, 0023, mkwaju, mwaka. Kwa macho ni kitu kimoja. Kwa kompyuta ni watu wawili. Kijana wetu mmoja wa mafunzo kwa vitendo akasema, "Mzee, hii dakika moja tu," akageuza nukta zote kuwa mikwaju. Kweli, dakika moja. Ila aligeuza faili zima, pamoja na kolamu ya majina. Wale waliofupisha jina la kati wakawa akina Asha M/ Fulani. Jioni hiyo majina yakakataa kulingana na ya udahili, na asubuhi yake foleni ilifika hadi kwenye mwembe.

Bumu, ile hela ya kujikimu ya mkopo, lilichelewa kwa watu ambao hawakukosea chochote. Mmoja alikuwa anakula kwangu kwa siku 11. Sitamtaja, ila akisoma hapa anajua ugali wa mama watoto.

Haya, lete la kwako. Tusitaje vyuo.

Fundi Kolamu

Mzee, lako ni dogo. Mimi ndiye wa nyuma ya pazia, natengeneza hiyo mifumo mnayoitukana.

Tuliambiwa tuongeze NIDA kwenye kumbukumbu za wanafunzi. Mwenzangu akaona ni namba, akatengeneza kolamu ya namba. Akachagua aina ya namba nzima iliyo kubwa kuliko zote kwenye hifadhidata yetu, ile isiyokubali namba hasi, akatulia. Wanafunzi wakajaza kwa wiki mbili, hakuna aliyelalamika. Nilipofungua kutoa ripoti nikakuta darasa zima lina NIDA moja: 18446744073709551615. Wote. Wa Sumbawanga, wa Pemba, wa Tarime, wote ndugu wa tumbo moja.

Nilidhani tumeingiliwa na wadukuzi. Kumbe hiyo ndiyo namba kubwa kabisa ambayo kolamu ile inaweza kubeba. NIDA inaanza na mwaka wa kuzaliwa, tuseme 1999 au 2002, na jumla yake tarakimu 20. Ukiisoma kama hesabu, inazidi hapo. Hifadhidata ilikuwa haijawekewa ukali, kwa hiyo badala ya kukataa ilikata kimyakimya na kuweka kikomo chake. Data ya wiki mbili yote ikawa imekwenda na maji, ikabidi tuwaombe watu waanze upya. Niliandika lile tangazo mara nne nikitafuta namna ya kusema "tumepoteza" bila kusema tumepoteza.

Tangu siku ile nina swali moja kwa kila kijana anayekuja kazini: namba hii utaijumlisha na nyingine? Hapana? Basi hayo ni maandishi, iweke kama maandishi.

Mchele wa Kyela

Nimecheka "ndugu wa tumbo moja" mpaka mtoto kaamka 😂

Risiti ya 2012

Mimi nilimaliza kidato cha nne 2011, namba yangu ya S. Matokeo yalikuwa ya kuombea dua, nikarisiti 2012 kama mtahiniwa wa kujitegemea, nikapata namba ya P. Nikaungaunga, nikafika kidato cha sita, nikafika chuo. Mkopo niliomba kwa S. Chuoni karani aliniuliza namba ya kidato cha nne, nikampa ya P kwa sababu ndiyo iliyokuwa na alama nzuri. Nani angejua?

Chuo nilimaliza salama. Balaa lilikuja kazini. Mhasibu wa mwajiri wangu wa kwanza alichukua namba kutoka kwenye nakala zangu za chuo, akaanza kunikata ile asilimia 15 ya mshahara wa msingi ya kurejesha mkopo na kuituma kwa namba ya P. Deni lenyewe liko S. Kwa miezi 14 nilikuwa nalipa, na deni langu linanitazama tu kama mgeni. Nilipoomba taarifa ya deni nikaona halijashuka hata shilingi.

Kurekebisha ilinibidi nibebe hati zote za mshahara, vyeti vyote viwili na hati ya kiapo ya mwanasheria kwamba mimi wa S na mimi wa P ni mimi. Yule mwanasheria alisoma, akanitazama, akauliza: "Kwa hiyo unaapa kwamba wewe ni wewe?" Nikaapa. Elfu 20.

Mzee wa Dirisha la Tatu

Ndugu Risiti, kesi kama yako nakutana nazo kila mwaka. Waliorudia mtihani, nyie mtuambie mapema mna namba mbili. Sisi kwenye fomu tuna kisanduku kimoja tu, kosa letu hilo.

Mkarimu wa Kisumu

Hamjambo wadau. Huku Kenya tuna yetu. Nambari ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ni tarakimu 11, nane za kituo na tatu zako. Shule za msingi na sekondari zikatupa pia ile nambari ya UPI ya kumtambulisha mwanafunzi. Kitambulisho cha taifa unakipata ukitimiza miaka 18, na wengi wetu tunaingia chuo kabla hakijatoka, kwa hiyo unajisajili na nambari ya cheti cha kuzaliwa, halafu ukipata kitambulisho ndipo masaibu yanaanza.

Langu lakini lilitokana na nambari ya chuo yenyewe. Chuo nilikosoma, nambari ya usajili inaanza na herufi na tarakimu za kozi. Yaani nambari inakwambia mtu anasoma nini. Inapendeza, sivyo? Mimi nilibadili kozi muhula wa pili. Nikapewa nambari mpya. Alama za muhula wa kwanza zikabaki kwa yule mimi wa zamani, ambaye kwa mujibu wa mfumo aliacha masomo. Ada niliyolipa ikabaki kwake pia. Mwaka wa nne, wiki mbili kabla ya orodha ya mahafali, naambiwa nina masomo sita sijafanya.

Nilizunguka na karatasi kutoka idara moja hadi nyingine nikitafuta saini za wahadhiri. Mmoja alikuwa amestaafu, nikamfuata kwao Siaya, akanipa saini na samaki.

Fundi Kolamu

@Mkarimu hapo umegusa kidonda. Namba ikibeba habari ndani yake, habari ikibadilika namba inakuwa ya uongo. Kozi inabadilika. Kitivo kinabadilishwa jina. Chuo kishiriki kinakuwa chuo kamili.

Baridi Kali

Salamu kutoka Uswidi. Nilikuja huku kwa shahada ya uzamili. Huku mtu ana namba moja tu maisha yote: mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, halafu tarakimu nne, na ile ya mwisho inakokotolewa kutokana na zilizotangulia. Karani akikosea kubonyeza tarakimu moja, kompyuta inagoma palepale. Namba zetu za mtihani hazina mlinzi wa namna hiyo. Ukiandika 0054 badala ya 0045, mfumo unakupokea kwa mikono miwili na kukukabidhi maisha ya mwanafunzi mwenzako.

Msifurahi haraka lakini. Mgeni akifika hana hiyo namba, anasubiri ofisi ya kodi imwandikishe. Chuo hakiwezi kusubiri, kikanipa ya muda, ina herufi katikati ya tarakimu. Kuna na aina nyingine kwa wasiotimiza masharti ya kuandikishwa moja kwa moja, ambapo tarehe ya kuzaliwa inaongezwa 60. Rafiki yangu aliyezaliwa tarehe 14 anasomeka tarehe 74. Duka la simu lilimkatalia laini, wakamwambia hakuna mwezi wenye siku 74. Kwao wenyewe!

Mimi namba kamili ilitoka Novemba. Kadi ya maktaba ikabaki na ya muda, matokeo ya mtihani wa kwanza yakaingia kwa ya muda, mtihani wa pili kwa kamili. Kwa mwezi mzima chuo kilikuwa na Watanzania wawili waliozaliwa siku moja, jina moja, mmoja kafaulu somo la kwanza tu na mwingine la pili tu. Nilimwandikia dada mmoja wa ofisi ya wanafunzi, akajibu kistaarabu sana kwamba atatuunganisha. Atatuunganisha. Nilijisikia kama nafungishwa ndoa.

Mchele wa Kyela

Swali la kijinga: kwa nini chuo kisitumie NIDA tu, namba nyingine zote zikafa?

Fundi Kolamu

Si la kijinga. Kwanza, kuna wanaokuja bado hawajapata. Pili, kuna wageni. Mtu aliyesoma nje vyeti vyake vinapitia NECTA, baraza la mitihani, kulinganishwa, anapewa namba inayoanza na EQ, NIDA atoe wapi? Tatu, tarakimu nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa. Mimi sitaki ibandikwe kwenye ubao wa matokeo.

Tunachofanya sasa: mtu akiingia mara ya kwanza mfumo unampa namba ya ndani, haina maana yoyote, na hakuna anayeiona. Pembeni kuna jedwali. Mstari mmoja, namba moja ya nje: aina yake, ilivyoandikwa na mwenyewe, ilivyosafishwa bila nukta wala mkwaju, na tarehe iliyoanza kutumika. Mtu wa S na P ana mistari miwili. Aliyebadili kozi ana miwili. Hatufuti mstari, tunaufunga tu. Ukitafuta kwa yoyote unampata mtu yuleyule.

Naandika kama vile ni rahisi. Kuhamisha za zamani kulituchukua muhula mzima, na zilibaki 212 ambazo tulilazimika kuwapigia wenyewe simu.

Pacha

Jamani mimi nilikuwa nasoma tu kimyakimya, ngoja niseme.

Sisi ni mapacha. Shule moja, jina la baba moja, la babu moja, na kwenye namba za kidato cha nne tulifuatana kwa sababu zinapangwa kwa alfabeti, Doto akatangulia Kulwa. NIDA tulijiandikisha siku moja, dirisha moja. Tukapata chuo kimoja, nyumbani walichinja mbuzi.

Ofisi ya uhasibu ilipokea NIDA zetu kwenye Excel. Fundi atanisahihisha, ila nilivyoelezwa baadaye ni kwamba Excel inashika tarakimu 15 tu, zinazobaki inazigeuza sifuri. NIDA zetu zimetofautiana mwishoni, kwenye zile tano za mwisho. Kwa hiyo pale tukawa mtu mmoja. Ada ya wote wawili ikaingia kwa mmoja, mwingine akazuiwa mtihani.

Mama alipiga simu akisema amelipa mara mbili, risiti zote mbili anazo. Akajibiwa mtoto wake mmoja amelipa kupita kiasi, aombe kurudishiwa.

Fundi Kolamu

Uko sahihi kabisa, ni 15. Na ukihifadhi faili umeshazipoteza, hata ukipanua kolamu hazirudi. Pole sana.

Ila sasa tukuiteje, wewe ni Kulwa au Doto?

Pacha

Nyumbani Kulwa. Kwenye cheti cha chuo wameniandika Doto, tupo kwenye marekebisho.

Mzee wa Dirisha la Tatu

Kesho njoo dirishani. Njoo na mwenzio.