Maktaba ya mkoa inunue nini: Willy Gamba, historia, au vitabu vya mitihani?

Msomaji wa Jioni (mleta mada)

Wakuu, salaam. Naomba tulijadili hili kwa sababu kamati yetu imegawanyika na orodha inatakiwa mwisho wa mwezi.

Maktaba ya mkoa wetu imepata mfadhili, mzaliwa wa hapahapa aliyestaafu kazi, katoa shilingi milioni mbili za vitabu vya watu wazima. Sharti lake moja: viwe riwaya, historia na wasifu. Mkutubi akatuomba wasomaji wachache tumsaidie kuchagua. Ukichukulia riwaya ya Kiswahili inauzwa kati ya elfu kumi na elfu ishirini, tunazungumzia vitabu mia na ushee. Kwa maktaba yetu hilo ni jambo kubwa.

Kabla ya kupendekeza chochote nikaenda kukagua rafu. Ya wasifu, pale namba 920 ya mpangilio wa maktaba, imejaa mpaka juu. Wanasiasa wa Uingereza, waigizaji wa Marekani, majenerali wa Vita ya Pili, na mama mmoja aliyefuga farasi huko Scotland. Vyote vya msaada, jalada gumu, karatasi safi. Fungua nyuma kwenye karatasi ya kugongea tarehe: tupu. Kimoja nilikikuta na muhuri mmoja, nadhani huyo aliyekiazima alidhani ni kitabu kingine. Kisha nikahamia riwaya za Kiswahili. Ipo nakala moja ya Kufa na Kupona ya Elvis Musiba, ya yule jasusi wake Willy Gamba. Jalada halipo, imeshonwa kwa uzi wa gunia, na kurasa za mwisho ni fotokopi zilizobandikwa kwa gundi. Karatasi ya tarehe imebandikiwa nyingine juu yake, na hiyo ya juu nayo imejaa mihuri.

Basi msimamo wangu ni huu. Fedha zote ziende kwenye vitabu vya Kiswahili, na riwaya za kusisimua zipewe fungu lake bila kuona haya: Musiba, Ben Mtobwa, Faraji Katalambulla, na Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, ambaye tangu Mzimu wa Watu wa Kale ya mwaka 1960 hajapata mpelelezi wa kumfikia, kwa maoni yangu. Karibu nao wakae Shaaban Robert, Kezilahabi, Adam Shafi, Said Ahmed Mohamed. Msomaji aliyekuja kumfuata mmoja atamwona na mwingine.

Kwenye wasifu nina kinyongo kidogo. Mzee Mwinyi alipoandika maisha yake, Mzee Rukhsa, kilichotoka 2021, aliandika kwa Kiswahili, na mama muuza genge anaweza kukisoma jioni akimaliza hesabu zake. Mzee Mkapa, Mungu amrehemu, kitabu chake cha 2019 kilitoka kwa Kiingereza. Wasifu mkubwa wa Mwalimu Nyerere ulioandikwa na Shivji, Saida Yahya-Othman na Kamata, juzuu tatu, 2020, nao ni Kiingereza. Ni kazi nzito na nawavulia kofia. Lakini mtu aliyemjua Nyerere kwa hotuba zake za redioni ataishia kutazama picha. Na bei ya juzuu hizo tatu inanunua rafu nzima ya riwaya.

Wenzangu wawili kwenye kamati wanapinga. Mmoja anataka vitabu vya kiada, mwingine anasema Musiba ni takataka. Karibuni.

Mwalimu Chaki

Mleta mada, nakuheshimu, ila umekagua rafu ukasahau kukagua viti. Nenda pale saa nne asubuhi. Waliokaa ni wanafunzi wa kidato cha nne na cha sita, kila mmoja na madesa yake, na wengine wamesimama ukutani wakisubiri nafasi. Hao ndio wasomaji wa maktaba zetu za umma. Hawana kitabu cha Fizikia nyumbani, na shuleni kimoja wanagawana watoto watano. Wewe unataka ununue bastola na wanawake wa hotelini.

Na tuwe wakweli kuhusu Willy Gamba. Kila mji anaoingia lazima alewe, aue, alale na mrembo. Nimefundisha Kiswahili tangu enzi za chaki ya ukoga. Hiyo si fasihi ya kuwekewa muhuri wa serikali.

Kobe wa Maktaba

Shikamoo Mwalimu. Mfadhili kasema riwaya, historia na wasifu. Tukinunua Fizikia tutakuwa tumekula fedha ya mtu kwa jina lingine.

Halafu hao wanafunzi wenye madesa hawaazimi kitabu, wanaazima kiti na taa. Shida yao ni kweli kabisa, ila dawa yake ni viti na taa. Maktaba ni ya huyo mwanafunzi na ni ya fundi cherehani pia, na fundi cherehani kwa sasa hana kitu mle.

Mzee wa Gerezani

Wanangu, ngoja niwakumbushe jambo. Kezilahabi alipotoa Rosa Mistika mwaka 1971, kelele zilikuwa hizihizi za Mwalimu Chaki. Matusi, uchafu, kinaharibu mabinti. Kikapigwa marufuku mashuleni. Tulikisoma kimefungwa gazeti la Uhuru kama jalada. Leo huyohuyo Kezilahabi ni nani? Rosa Mistika ikaja kufundishwa darasani, na marehemu alipofariki Januari 2020 waliomlilia ni pamoja na waliomkataza.

Sisemi Musiba ni Kezilahabi, hapana. Nasema kamati ya watu watano isijipe kazi ya kuamua kitabu gani ni kichafu, maana historia yetu inaonyesha kamati za namna hiyo huumbuka.

Mwalimu Chaki

Mzee wangu, shikamoo ya Kobe nimeipokea, na wewe nakuamkia: shikamoo. Ila mfano wako unanipa mimi nguvu. Rosa Mistika ilikuwa na jambo la kusema kuhusu baba anayelea kwa kiboko na binti anayeingia duniani bila kuelezwa kitu. Nionyeshe jambo la namna hiyo kwenye Kikosi cha Kisasi cha Musiba.

Mzee wa Gerezani

Marahaba. Ukombozi wa kusini mwa Afrika, Mwalimu. Vijana wa wakati ule walijua makaburu wanapenyeza majasusi wao kwenye nchi zetu kwa kumsoma Musiba kabla hawajalipata gazetini. Kafunika na pombe, sawa, lakini jambo limo.

Bint Mkunazini

Assalaam alaykum. Nyote mnazungumza riwaya kama kwamba historia haina ugomvi. Huku kwetu Zanzibar ndiko kwenye moto.

Mkinunua Kasri ya Mwinyi Fuad ya Adam Shafi, msomaji atayaona Mapinduzi ya Januari 1964 kwa macho ya wafanyakazi wa shamba na watumishi wa kasri. Mkinunua Kwaheri Ukoloni, Kwaheri Uhuru! cha Harith Ghassany, cha mwaka 2010, atayaona kwa macho ya waliouhesabu uhuru wa Disemba 1963 kuwa ndio uhuru wao, ukadumu mwezi mmoja. Nimeshuhudia watu wakinuniana msibani kwa sababu ya vitabu hivi viwili. Je, maktaba ya mkoa itathubutu kuviweka bega kwa bega? Au mtanunua kile kisichomkera mkuu wa mkoa?

Mimi nasema vyote viwili, na Haini juu yake. Adam Shafi aliyeandika Kasri ndiye aliyefungwa baada ya Karume kuuawa Aprili 1972, akaja kuiandika jela ile kwenye Haini. Mtu mmoja, Mapinduzi yaleyale, kaandika matumaini yake na kaandika yalivyomgeuka. Msomaji akivipata vyote hahitaji kuambiwa aamini nini.

Msomaji wa Jioni (mleta mada)

Waalaykumu salaam dada. Hapo umenigusa. Hata Bara tunalo letu: Mohamed Said na kitabu chake cha maisha ya Abdulwahid Sykes, kilichotoka 1998 kwa Kiingereza kisha kikaja kwa Kiswahili. Anadai wazee wa Kiislamu wa Dar es Salaam walioijenga TANU wamefutwa kwenye historia rasmi. Wapo wanaokiona uchochezi na wapo wanaokinukuu kama hati ya mahakamani. Kwenye kamati kimekwisha kukatwa mara moja. Nitakirudisha.

Nahodha wa Kilindini

Jirani zenu wa Mombasa tunawasalimu. Bint Mkunazini kanena, ila kuna mtego. Si kila kitabu cha zamani cha Kiswahili ni sauti yetu. Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, 1934, kilisomeshwa mashuleni miaka na miaka. Mwandishi ni mtoto wa mtumwa aliyekombolewa, amekulia Freretown, makazi ya watumwa waliokombolewa hapa Mombasa, na uchungu alionao ni wa haki. Lakini Mwingereza kwenye kitabu kile ni malaika, Mwarabu ni shetani, basi. Kimeacha kovu Pwani nzima.

Nikiulizwa mimi, kinunuliwe. Ila kiwekwe pamoja na maisha ya Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, aliyoyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili kabla hajafa Unguja mwaka 1905. Yule haombi msamaha hata mahali pamoja. Anahesabu pembe na watu kwa sauti ileile. Ukimaliza kusoma wawili hao usingizi hauji.

Dogo wa Simu

Wazee mnateseka bure. Riwaya zote ziko PDF kwenye makundi ya WhatsApp. Milioni mbili nunueni bando na tableti tatu.

Kobe wa Maktaba

Dogo, hizo PDF nyingi zimepigwa picha kwa simu, ukurasa wa 112 haupo na kidole gumba cha mtu kimo. Na mwandishi hapati hata senti. Unajua kwa nini riwaya za Mtobwa zinatafutwa kwa tochi? Mchapishaji hawezi kurudia kuchapa kitu ambacho hana uhakika nani atanunua.

Mswahili wa Oslo

Hapo Kobe kagusa kiini. Huku Norway, lugha yao inasemwa na watu milioni tano na kidogo tu, Kiswahili kinawazidi mbali. Lakini tangu 1965 Baraza lao la Sanaa hununua nakala za riwaya mpya zinazopita mchujo na kuzisambaza kwenye maktaba za umma nchi nzima. Mchapishaji anajua kabla ya kuwasha mashine kwamba sehemu ya kitabu imeshauzwa. Mwandishi anakula. Msomaji wa kijijini kaskazini kabisa anakipata kitabu kikiwa bado kipya.

Msiniambie ni utajiri wa mafuta, maana mpango ulianza kabla mafuta hayajagunduliwa. Na nyumbani wazo si geni: Mradi wa Vitabu vya Watoto ulianza 1991 kwa njia hiyohiyo ya kumhakikishia mchapishaji mnunuzi. Kwa nini watu wazima wasiwe na wao? Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya uandishi bunifu imeanza kutolewa 2023, ni hatua nzuri, ila tuzo ni ya washindi wachache. Soko ni la wote.

Mwalimu Chaki

Mswahili wa Oslo ameongea hoja ya sera, na hapo niko naye. Sheria ya maktaba ya mwaka 1975 inawataka wachapishaji wapeleke nakala Maktaba Kuu pale Dar es Salaam. Nakala ipo, imehifadhiwa, na mtu wa Tunduru haimsaidii kitu.

Nalegeza kamba kidogo. Musiba awepo, nakala mbili. Lakini kwa masharti: Kitereza anunuliwe. Mzee yule wa Ukerewe alimaliza kuandika habari za Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, hakupata mchapishaji, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na kitabu kikatoka 1980 yeye akiwa anaelekea kaburini mwaka uliofuata. Mle kuna jinsi ya kutengeneza pombe ya ndizi, kuomba msamaha kwa wakwe, kumtibu mgumba, hatua kwa hatua. Ni riwaya, ni historia, ni wasifu wa kabila zima. Maktaba ngapi za mikoa zinacho?

Mama Vitenge

Mimi ndiye muuza genge aliyesemwa juu, au pacha wake. Nimesoma yote mpaka hapa. Mbona orodha yenu ni wanaume watupu? Hata wa kuuawa na wa kupindua ni wanaume.

Shaaban Robert aliandika wasifu wa Siti binti Saad zaidi ya miaka sitini iliyopita. Mwimbaji wa taarab, mwanamke aliyeuza vyungu, akaenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri. Tangu hapo nani kafuata? Bibi Titi Mohamed alimsimulia maisha yake mtafiti wa Kimarekani, Susan Geiger, kwa Kiswahili chake cha Dar es Salaam. Kitabu kikatoka 1997 kwa Kiingereza. Maneno aliyoyasema kwa lugha yangu, kwa nini yaanzie kwenye lugha ya wageni? Na Zainab Burhani na Mwisho wa Kosa mmemwacha wapi?

Msomaji wa Jioni (mleta mada)

Mama, umetupiga mahali penyewe. Nimejaribu kutetea orodha yangu nimeshindwa.

Nilivyopanga sasa: Musiba, Mtobwa na Katalambulla nakala mbilimbili kadiri zitakavyopatikana, maana hizo ndizo zitakazochakaa. Bwana Msa. Kitereza juzuu zote. Rosa Mistika, na Nagona kwa ajili ya wanaojitesa kwa hiari. Vitabu vya Adam Shafi vyote nitakavyovipata pamoja na Ghassany, rafu moja, na mkuu wa mkoa akiuliza nitajibu mimi. Mohamed Said. Mbotela na Tippu Tip kama Nahodha alivyosema. Abdulrazak Gurnah kwa Kiswahili, Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, kwa sababu Nobeli ya 2021 imeishia kwenye vichwa vya habari na watu wengi hapa hawajawahi kushika kitabu chake. Siti. Zainab Burhani. Mzee Rukhsa.

Wasifu wa Nyerere wa juzuu tatu nimeutoa. Najua nitatukanwa. Mkutubi kaahidi kuuomba kutoka Dar kwa mkopo wa maktaba kwa maktaba mtu akiuhitaji, na mimi nitakuwa wa kwanza kuujaza hiyo fomu.

Bado kuna nafasi kama kumi hivi. Nataka wasifu wa wanawake, kwa Kiswahili, vinavyopatikana dukani sasa hivi na si kwenye PDF ya Dogo. Mama Vitenge na wengine, tajeni majina na duka. Kikao ni Jumamosi.